Mwanga, Karati na Bei: Historia ya Fluoresensi katika Uthamini wa Almasi kwa Mtazamo wa Mpanda, Mkoa wa Katavi

Ikisiri

Insha hii inachunguza swali ambalo kwa juu juu ni la dukani tu: je, mnunuzi mwenye fedha za kiasi anapaswa kuitilia maanani fluoresensi anapochagua almasi? Fluoresensi ni hali ya jiwe kutoa mwanga, aghalabu wa buluu, linapomulikwa na miale ya urujuanimno. Insha inalijibu swali hilo kwa njia ya historia. Inaanza na Mpanda, ambako risasi na dhahabu zilichimbwa na thamani yake ikapangwa mbali. Kisha inaelekea Mwadui, ambako ugomvi juu ya nani apange thamani ya almasi umejirudia tangu wakati wa ukoloni, na mwisho inafuatilia namna fluoresensi ilivyogeuka kutoka sifa iliyopandisha bei hadi kasoro inayoishusha. Hoja kuu ni kwamba punguzo la bei kwa sababu ya fluoresensi ni zao la mazoea ya soko zaidi kuliko la jicho. Kwa hiyo mnunuzi wa Mpanda ana haki, na pia ana uwezo, wa kulipima jiwe kwa mwanga wa kwao.

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, haujulikani kwa almasi. Madini yanayotajwa zaidi Mpanda ni dhahabu, inayochimbwa na wachimbaji wadogo katika maeneo kama Ibindi, Dirifu na Magamba. Wazee huikumbuka pia risasi ya Mukwamba, iliyovuta reli hadi Mpanda. Hata hivyo almasi imo katika maisha ya watu wa mkoa huu kwa njia nyingine. Imo katika pete ya uchumba inayotamaniwa, na imo katika habari za Mwadui zinazofuatwa na kila Mtanzania anayejali rasilimali za nchi. Imo hata katika neno moja ambalo mchimbaji wa dhahabu na muuza almasi hulitumia kwa maana mbili zisizolingana.

Neno hilo ni karati. Kwa sonara wa dhahabu, karati ni kipimo cha usafi: dhahabu ya karati 24 ndiyo safi, na ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu kati ya sehemu 24, yaani asilimia 75. Kwa mfanyabiashara wa almasi, karati ni uzito: karati moja ni gramu 0.2, kipimo kilichoanza kusanifiwa kimataifa mwaka 1907. Mtu aliyezoea biashara ya dhahabu anapoambiwa kwamba jiwe ni la "nusu karati" anaweza kudhani kuwa anasimuliwa ubora, kumbe anasimuliwa uzito wa gramu 0.1. Tofauti hiyo ndogo ya msamiati inaonesha tatizo kubwa zaidi, nalo ni kwamba lugha ya kuthamini almasi ilitungwa mbali na mahali ambapo almasi huchimbwa. Anayenunua bila kuijua lugha hiyo huipokea bei bila kuwa na la kuuliza.

Fluoresensi ni mfano mzuri wa tatizo hilo. Katika cheti cha maabara huandikwa kwa maneno machache: haipo, hafifu, ya wastani, kali au kali sana. Lakini maneno hayo yanaweza kushusha bei ya jiwe au, mara chache, kuipandisha. Swali la insha hii ni maneno hayo yalipataje nguvu hiyo, na yana uzito gani kwa mtu anayehesabu shilingi zake.

2.0 Kwa nini Mwadui almasi, na Mpanda risasi

Tofauti ya Mpanda na Mwadui ina mizizi katika miamba. Mwadui, iliyoko Shinyanga, ipo juu ya kratoni ya Tanzania, yaani kipande cha kale sana cha ganda la dunia ambacho kimetulia kwa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwaka 1966 mwanajiolojia Tom Clifford alieleza kanuni ambayo imebaki na jina lake: kimberlaiti zenye almasi ya kibiashara hupatikana katika kratoni za namna hiyo. Sababu yake ni kwamba mizizi ya kratoni ni minene na ya baridi kiasi, kwa hiyo kaboni iliyo chini sana hubaki katika hali ya almasi mpaka volkano ya kimberlaiti inapoipandisha juu.

Sehemu kubwa ya Katavi, kwa upande mwingine, imo katika ukanda wa Ubendi, ambao ni mlolongo wa miamba iliyokunjwa na kupasuka kando ya kratoni hiyo. Mipasuko ya namna hiyo hupitisha majimaji ya moto yenye metali, nayo yakipoa huacha mishipa ya galena, shaba, fedha na dhahabu. Ndiyo maana wachimbaji wa miaka ya 1930 waliokwenda Mpanda walipata dhahabu na risasi. John Thorburn Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliipata kimberlaiti ya Mwadui mwaka 1940 baada ya miaka ya kutafuta katika eneo la kratoni. Kimberlaiti hiyo ina eneo la hekta 146 hivi juu ya ardhi, na ni miongoni mwa kubwa kabisa zilizowahi kuchimbwa duniani.

Maelezo haya ya jiolojia yanahusika na hoja ya insha kwa sababu yanatenganisha mambo mawili ambayo soko huyachanganya. Mahali jiwe lilipo ni kazi ya maumbile. Bei yake ni kazi ya watu, na kazi ya watu ina historia.

3.0 Mukwamba: thamani iliyopimwa mbali

Historia ya bei ya madini ya Mpanda inaanza hasa baada ya Vita Kuu ya Pili. Kampuni ya Uruwira Minerals ilifungua mgodi wa risasi huko Mukwamba, ambako galena ilikuwa imechanganyika na shaba, fedha na dhahabu. Ili kuufikia mgodi huo, Serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, hadi Mpanda. Tawi hilo, lenye urefu wa kilometa 210 hivi, lilifunguliwa mwaka 1950. Katika muongo uliofuata risasi ya Mpanda ilikuwa miongoni mwa madini makuu ambayo Tanganyika iliyauza nje, pamoja na almasi na dhahabu.

Mawe yalisagwa na kuchujwa mgodini, kisha makinikia yakasafirishwa kwa reli kupitia Kaliua na Tabora hadi pwani, na kutoka huko kwa meli. Kuyeyushwa na kutenganishwa kwa metali kulifanyika ng'ambo. Bei nayo ilifuata soko la metali la ng'ambo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, muongo mmoja tu baada ya treni ya kwanza kufika.

Kilichobaki Mpanda kilikuwa reli, mji na mashimo. Ujuzi wa kupima ni kiasi gani cha fedha au dhahabu kimo ndani ya tani moja ya makinikia haukubaki, kwa kuwa haukuwahi kuwekwa hapo. Jambo hili halikuwa la Mpanda peke yake. Uchumi wa kikoloni ulipangwa hivyo: mali hutoka ndani, kipimo hukaa nje. Kwa mtafiti wa historia ya Katavi, Mukwamba ni mfano wa mapema wa swali ambalo kwa upande wa almasi lingeulizwa kwa sauti kubwa zaidi.

4.0 Mwadui: ugomvi juu ya nani apange

Williamson hakuwa mtu wa kupokea bei bila kuuliza. Baada ya kukubali kuuza almasi zake kupitia chombo cha pamoja cha mauzo kilichotawaliwa na De Beers huko London, mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliingia katika mgogoro nacho juu ya thamani ya mawe yake. Aliona kuwa yanathaminiwa chini. Kwa muda alizuia mauzo na kuyahifadhi mawe, mpaka makubaliano mapya yalipofikiwa. Hata mmiliki wa mgodi, mwenye shahada ya uzamivu katika jiolojia, alilazimika kugombana ili ahesabiwe kuwa na sauti katika kupanga thamani ya mawe aliyoyachimba mwenyewe.

Baada ya kifo chake mwaka 1958 mgodi ulinunuliwa kwa pamoja na De Beers na Serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Baada ya uhuru, Serikali ilijenga uwezo wake wa kupanga na kuthamini almasi kupitia taasisi iliyojulikana kwa jina la TANSORT, ambayo kwa muda mrefu ilifanya kazi London kabla ya kuhamishiwa Dar es Salaam. Mpangilio huo unajieleza: nchi ilipotaka kuyatazama mawe yake kwa macho yake yenyewe, kwanza ililazimika kuyapeleka macho hayo London. Mwaka 1994 De Beers ilirudi kuwa na asilimia 75 ya hisa, na mwaka 2009 sehemu hiyo ikachukuliwa na Petra Diamonds.

Ugomvi wa kipimo uliibuka tena hadharani Septemba 2017. Shehena ya almasi ya Mwadui ilizuiwa katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Serikali ilieleza kwamba nyaraka zilionesha thamani ya dola za Marekani milioni 14.8, ilhali wathamini wake walikuta milioni 29.5. Kampuni ilijibu kwamba uthamini wa awali wa shehena kabla ya kusafirishwa hufanywa na wakala wa Serikali, si na kampuni. Bila kuingia katika hukumu ya nani alikuwa na haki, mwanahistoria anaona jambo moja: kuhusu mawe yaleyale, watu wenye ujuzi walitaja bei mbili, moja karibu mara mbili ya nyingine. Katika dhahabu safi hilo haliwezekani, kwa kuwa uzito na usafi vikishajulikana bei ya siku hujulikana. Almasi haina bei ya namna hiyo. Kila jiwe huamuliwa kwa rangi, usafi wa ndani, umbo na uzito, na kila kimojawapo kina nafasi ya mvutano.

5.0 Fluoresensi: kutoka sifa hadi kasoro

Kung'aa kwa almasi gizani kulijulikana kabla ya sayansi kulieleza. Mwaka 1663 Robert Boyle wa Uingereza aliandika juu ya almasi iliyotoa mwanga gizani baada ya kusuguliwa. Jina la fluoresensi lilitolewa na George Stokes mwaka 1852. Baadaye ilieleweka kwamba katika almasi nyingi mwanga wa buluu hutokana na nitrojeni: atomi tatu za nitrojeni zikizunguka nafasi moja iliyo tupu ndani ya mpangilio wa kaboni hupokea nishati ya urujuanimno na kuirudisha kama mwanga unaoonekana. Miale ikiondolewa, mwanga huzimika. Hali hiyo haimaanishi kwamba jiwe lina ufa, limetiwa rangi au ni dhaifu.

Katika biashara ya zamani, mwanga huo ulikuwa sifa. Almasi za Jagersfontein, Afrika Kusini, zilizoonekana kuwa na samawati kidogo mchana, zilitafutwa sana, na wauzaji walilipenda neno lililomaanisha "nyeupe yenye samawati". Sababu yake inaeleweka kwa jicho: manjano na buluu hupunguzana. Jiwe lenye umanjano kidogo, likitoa buluu mchana, huonekana jeupe zaidi kuliko lilivyo. Neno hilo lilitumiwa ovyo kiasi kwamba mwaka 1938 tume ya biashara ya Marekani iliweka mipaka ya matumizi yake. Kwa hiyo kosa la kwanza katika historia hii lilikuwa kusifia kupita kiasi.

Mabadiliko yalikuja pamoja na vyeti. Taasisi ya vito ya Marekani ijulikanayo kwa herufi GIA, iliyoanzishwa mwaka 1931, ilianza kutumia katika miaka ya 1950 ngazi ya rangi inayoanzia herufi D, yaani isiyo na rangi, hadi Z. Mara rangi ilipoandikwa kwa herufi, tofauti ya herufi moja ikawa tofauti ya fedha. Jiwe lenye fluoresensi kali likaanza kushukiwa: je, ni jeupe kwa asili yake, au limesaidiwa na mwanga? Shaka hiyo ilikua katika kipindi ambacho almasi zilinunuliwa kama kitega uchumi, kwa kusoma karatasi zaidi ya kulitazama jiwe. Mawe meupe kabisa yenye fluoresensi kali yakapunguziwa bei. Yale ya rangi za chini zaidi, kuanzia I kwenda mbele, wakati mwingine yaliendelea kupendelewa kwa siri ileile ya zamani.

Mwaka 1997 watafiti wa GIA walichapisha jaribio lililolenga shaka hiyo. Walitumia seti nne za almasi sita sita. Mawe ya kila seti yalilingana kwa rangi lakini yalitofautiana kwa nguvu ya fluoresensi, na watazamaji wa aina mbalimbali waliombwa kuyalinganisha. Watu wa kawaida, ambao ndio wanunuzi, hawakuweza kuona tofauti ya uhakika. Watazamaji wenye uzoefu, walipoyatazama mawe kwa juu kama yanavyovaliwa, walielekea kuyaona yale yenye fluoresensi kali kuwa yana rangi nzuri zaidi. Ukungu, yaani hali ya jiwe kuonekana kama limepakwa mafuta, upo kweli lakini ni nadra. Takwimu za taasisi hiyo zinaonesha kwamba kati ya asilimia 25 na 35 ya almasi zilizopimwa zina fluoresensi ya kiwango fulani, na kwamba zaidi ya asilimia 95 kati ya hizo hutoa buluu. Hali yenyewe si nadra, na haiwezi kuitwa ugonjwa wa mawe machache.

6.0 Mashine na soko: mtazamo unaopingana

Kinyume kimoja katika historia hii hakipaswi kupitwa. Wakati soko lilikuwa likianza kuadhibu mwanga, migodi ilikuwa ikijifunza kuutumia. Kabla ya hapo almasi zilinaswa zaidi kwa meza za grisi, kwa kuwa almasi haishiki maji bali hushika mafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Siberia, zilianza kutumika mashine zinazomulika changarawe kwa eksirei. Almasi hutoa mwanga, kifaa huuona, na pumzi ya hewa hulisukuma jiwe kando. Teknolojia hiyo ilienea duniani.

Lakini baadhi ya almasi zisizo na nitrojeni, zikiwemo kubwa na za thamani ya juu, hutoa mwanga dhaifu chini ya eksirei na ziliweza kupita bila kuonekana hadi kwenye mabaki. Ndiyo maana migodi ya karne hii imeongeza mashine zinazoitambua kaboni yenyewe kwa jinsi eksirei zinavyopenya ndani ya jiwe. Kwa hiyo kwa mashine ya mgodini mwanga ulikuwa njia ya kulipata jiwe, na kwa soko mwanga uleule ukawa sababu ya kulipunguzia bei. Jiwe halikubadilika katika safari hiyo. Kilichobadilika ni anayelitazama na anachokitafuta.

7.0 Mwanga wa Mpanda na mnunuzi mwenye fedha za kiasi

Mazoea ya kupanga rangi ya almasi yalizaliwa katika miji ya kaskazini mwa dunia. Kabla ya taa maalumu za maabara, wathamini walipendelea mwanga wa dirisha linalotazama kaskazini, kwa sababu huko jua haliingii moja kwa moja na mwanga huwa mtulivu. Kanuni hiyo ikihamishiwa Mpanda, iliyo nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, hupotosha. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri la Mpanda huwa upande wa kaskazini, na dirisha la kaskazini ndilo linalopata jua. Isitoshe, jua la nchi za tropiki lina miale mingi ya urujuanimno kuliko mawingu ya London. Jiwe lenye fluoresensi kali litaonesha tabia yake nje, katika ua wa nyumba ya Mpanda, kwa uwazi kuliko katika ofisi ya mthamini wa Ulaya. Chini ya taa nyingi za LED, ambazo hutoa urujuanimno kidogo sana, tabia hiyo karibu hutoweka.

Hapa ndipo historia inapogeuka kuwa ushauri. Kwa kuwa mtu wa Mpanda anayetaka pete ya almasi kwa kawaida hulazimika kutafuta katika miji mikubwa kama Mwanza, Arusha au Dar es Salaam, hana nafasi ya kurudi dukani kila wiki. Mambo ya kuzingatia ni machache.

Kwanza, fluoresensi si moja ya vigezo vinne vya daraja, yaani rangi, usafi, mchongo na uzito. Katika cheti huandikwa kama alama ya kulitambulisha jiwe. Kwa mwenye bajeti ndogo, mchongo ndio unaostahili fedha kwanza, kwa kuwa ndio unaoamua jiwe litarudisha mwanga kiasi gani. Jiwe jeupe lililochongwa vibaya huonekana kama kioo.

Pili, fluoresensi hafifu au ya wastani haina sababu ya kumtia mnunuzi hofu. Katika mawe yenye umanjano kidogo, ambayo ndiyo yaliyo karibu na uwezo wa wengi, inaweza hata kuwa msaada. Ikiwa muuzaji amepunguza bei kwa sababu yake, punguzo hilo ni faida ya anayenunua kwa ajili ya kuvaa.

Tatu, fluoresensi kali au kali sana inahitaji macho. Jiwe litazamwe ndani, kisha kivulini nje, kisha juani. Likibaki angavu, hakuna kilichopotea. Likionekana kuwa na ukungu juani, liachwe hata kama cheti chake kinapendeza, maana mkono wa mvaaji wa Mpanda utakuwa juani muda mwingi. Nne, anayenunua akiwaza kuuza baadaye akumbuke kwamba soko litampunguzia vilevile lilivyompunguzia muuzaji wa kwanza. Punguzo haliwezi kuwa faida wakati wa kununua na lisihesabiwe wakati wa kuuza.

Tano, mwanga wa buluu si ushahidi wa uhalisi. Almasi nyingi halisi hazitoi mwanga wowote, na mawe mengine yasiyo almasi hutoa. Anayeonesha jiwe chini ya taa ya urujuanimno na kusema "unaona, ni halisi" hajathibitisha lolote. Na almasi ghafi haipaswi kununuliwa mkononi kwa mtu, kwa kuwa sheria ya madini inataka leseni kwa biashara hiyo, na mpango wa Kimberley ulioanza mwaka 2003 unataka kila shehena ya kimataifa iwe na hati.

Kwa upande wa dhahabu, Mpanda yenyewe imepiga hatua katika jambo linalofanana. Kufuatia mkutano wa Rais John Magufuli na wachimbaji wadogo Januari 2019, masoko ya madini yalifunguliwa mikoani, la Geita likitangulia Machi mwaka huo, na Katavi nayo ikapata soko lake mjini Mpanda. Faida yake kubwa si jengo. Ni kwamba dhahabu hupimwa mbele ya muuzaji, kwa mizani anayoiona, na bei ya siku ikijulikana. Mchimbaji wa Ibindi leo anaweza kuhoji kipimo, jambo ambalo makinikia ya Mukwamba ya mwaka 1955 hayakumruhusu mtu yeyote wa Mpanda kulifanya.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kwamba fluoresensi ina uzito mdogo katika jicho na uzito mkubwa zaidi katika karatasi. Ilisifiwa isivyo haki mwanzoni mwa karne ya 20, ikashukiwa isivyo haki kuelekea mwisho wake, na katika vipindi vyote viwili jiwe lilikuwa lilelile. Kwa mnunuzi mwenye fedha za kiasi jibu ni kwamba fluoresensi haistahili kumzuia kununua, isipokuwa katika mawe machache yenye ukungu, na hayo hujidhihirisha yenyewe juani.

Lakini kilicho hatarini ni zaidi ya pete moja. Mwaka 2022 almasi ya waridi yenye karati 11.15, iliyochongwa kutokana na jiwe la Mwadui, iliuzwa kwa mnada Hong Kong kwa dola za Marekani milioni 57.7. Jiwe ghafi ilikotoka lilikuwa limeuzwa mwaka uliotangulia kwa milioni 13.8. Sehemu ya tofauti hiyo ni kazi ya mchongaji na bahati ya mnada, na sehemu nyingine ni thamani inayozaliwa pale jiwe linapotazamwa, linapopewa daraja na kuandikwa. Risasi ya Mpanda iliondoka bila wenyeji kuipima, na almasi ya Mwadui imegombaniwa kipimo kwa zaidi ya miaka sabini. Ujuzi wa kutazama, unaoanzia kwa mnunuzi mmoja anayelitoa jiwe dukani na kuliangalia juani, ni sehemu ya rasilimali ileile, na hauishi kama mshipa wa galena.